Kitanda cha bakteria cha kuoshea pampu ya dawa ya kwekwe: shajara ya shamba, Malindi 2024

14 Januari

Mchicha wa shangazi ulioko kando ya kisima umeungua. Majani ya chini yalianza kuwa manjano kingoni, kisha manjano yakaingia ndani, na ya juu yangali mabichi. Si ukame, maana hapo ndipo penye maji mengi kuliko pote shambani. Hapo ndipo ami anapooshea pampu ya mgongoni kila akitoka kupiga dawa kwenye mahindi. Anaisuuza mara tatu kama karatasi ya dawa inavyoagiza, na maji ya mara zote tatu yanamwagwa papo hapo, hatua saba kutoka mdomo wa kisima.

Shamba letu liko upande wa Mambrui, ng'ambo ya mto Sabaki. Juu ni mchanga, chini ni mawe ya matumbawe yaliyojaa matundu, na maji yako mita chache tu. Kinachomwagwa juu hakikutani na kizuizi.

Jana usiku nilikaa na kalamu. Dawa anayotumia ami ni atrazini, gramu 500 kwa lita. Mililita mbili, yaani kile kinachobaki kwenye kifuniko, ni gramu moja. Marekani imeweka mpaka wa mikrogramu 3 za atrazini kwa lita ya maji ya kunywa. Kwa kipimo hicho, gramu moja inatosha kuchafua zaidi ya lita 330,000. Umoja wa Ulaya, ambao mpaka wake ni mikrogramu 0.1, uliamua mwaka 2004 kuiondoa kabisa kwa sababu ya maji ya ardhini. Kisima hiki ndicho tunachonywea, na watoto wa dada yangu wanaoga hapo kila jioni.

Asubuhi nikamweleza ami. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sasa mwanangu, nimwage wapi? Baharini?" Ni swali la haki. Shajara hii ni jibu langu, nitaliandika kadiri kazi inavyokwenda ili mwenye kisima kama chetu aweze kuifuata, na asirudie makosa nitakayoyafanya.

27 Januari

Njia niliyoichagua, kitanda cha bakteria, ilianzia Sweden mwaka 1993. Wakulima wa huko walichimba shimo mahali pa kujazia na kuoshea pampu, wakalijaza mchanganyiko wa nusu mabua ya nafaka, robo udongo wa shambani na robo udongo mweusi wa vinamasi vyao, wakaotesha nyasi juu. Dawa inayomwagika inashikwa na mchanganyiko huo, na wakati imeshikwa, bakteria na kuvu wanaivunja. Shimo lenyewe halina ufundi mkubwa. Ufundi uko kwa hao wadudu wasioonekana, na kazi yangu ni kuwaandalia makao.

Inafaa kujua wanafanya nini hasa. Molekuli ya atrazini ni pete yenye kaboni tatu na naitrojeni tatu, ina klorini upande mmoja na mikono miwili pande nyingine. Mwaka 1995 watafiti wa Minnesota, Marekani, walieleza bakteria waliyempata katika udongo uliomwagikiwa na dawa za kwekwe, wakamwita Pseudomonas ADP. Bakteria huyo anaitumia atrazini kama chakula cha naitrojeni. Kimeng'enya chake cha kwanza, yaani protini inayochochea mabadiliko ya kikemikali, kinang'oa klorini na kuweka oksijeni na hidrojeni mahali pake, na hapo tayari dawa imekufa nguvu, haiui tena mmea. Cha pili na cha tatu vinakata mikono. Vingine vinaifungua pete yenyewe, na mwisho wa safari ni amonia na hewa ya kaboni. Jeni za hatua tatu za kwanza zinaitwa atzA, atzB na atzC, na zinakaa kwenye kipande cha DNA ambacho bakteria mmoja anaweza kumpa jirani yake. Ujuzi wa kula sumu unaenea shambani kama mbegu ya kuazimana.

Jambo hilo la mwisho nililisoma mara tatu. Kama ujuzi huo unaenea pale sumu ilipo, basi yumkini umeshafika kwenye konde la ami, analolipiga dawa mwaka wa sita huu.

11 Februari

Shimo limekwisha: urefu mita 2, upana mita 1.5, kina sentimita 70. Liko mita 40 kutoka kisimani, upande wa mteremko. Vijana wawili, siku moja, shilingi 1,600.

Waswidi wanaweka chini tabaka la udongo wa mfinyanzi la sentimita 10, ambao ukilowa unavimba na kuziba. Nami nikaleta mfinyanzi kutoka ukingo wa Sabaki, safari mbili za tuktuk, shilingi 1,000. Tukaulowesha, tukaushindilia kwa gogo mpaka ukang'aa. Siku ya nne ulikuwa umepasuka vipande vipande kama sahani, na kidole kikaingia kwenye nyufa. Huu ni msimu wa kaskazi, upepo mkavu na jua la mchana kutwa, na hakuna mfinyanzi wa Sweden uliowahi kukutana na Februari ya Malindi.

Nilitaka uhakika kabla ya kutumia pesa nyingine. Jioni nikamwaga ndoo tano za maji shimoni, na kando yake nikaweka ndoo moja iliyojaa ili nijue upepo peke yake unachukua kiasi gani. Asubuhi ndoo ilikuwa imepungua upana wa kidole. Shimo lilikuwa kavu. Lita mia moja zilikwenda chini kwa usiku mmoja.

Nimetandika karatasi nzito ya nailoni nyeusi, mikunjo miwili, shilingi 1,400. Mfinyanzi nimeuacha chini yake uwe godoro, mawe ya matumbawe yasitoboe. Nikarudia jaribio la ndoo tano na safari hii maji yalibaki.

2 Machi

Wiki tatu zimepotea, na nieleze vizuri kwa sababu kosa hili ni la pwani hasa.

Udongo wa vinamasi vya baridi hatuna. Tulicho nacho ni makumbi ya nazi, ambayo nyuzi zake zinashika maji vilevile, na katika nchi nyingine za joto yameshatumika kwa kazi hii. Nikanunua usumba uliokwisha kulainika kwa kina mama wanaosokota kamba, magunia manne, shilingi 600. Nikaona nimefanya busara: hakuna kupondaponda, ni kuchanganya tu. Nikachanganya na mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa kwa panga na udongo, nikarundika chini ya turubai ili vianze kuoza pamoja kabla ya kujaza shimo.

Rundo zuri linapata joto, ukiingiza mkono ndani unautoa haraka. Langu lilikaa baridi siku kumi na nane. Nikachota kikopo, nikapanda maharagwe matatu na nyanya mbili, bila tone la dawa. Vyote vikaota, na vyote vikaungua ncha za majani. Juu ya kikopo pakatoka unga mweupe. Nikaloweka kiganja cha usumba kwenye maji ya kunywa, nikaonja. Chumvi tupu.

Kila mtu wa pwani anajua makumbi yanazikwa kwenye tope la bahari miezi mingi ndipo nyuzi ziachane. Nilijua tangu utotoni, na bado halikunijia akilini. Bakteria wa shambani wakiwekwa penye chumvi ya namna ile wananyauka kama mchicha. Kilichoniokoa ni kupanda kikopo kisicho na dawa. Kama ningeanza moja kwa moja na dawa, ningeona miche imeungua na ningeilaumu atrazini.

Rundo lote nimelitia chini ya minazi, ambayo haina ugomvi na chumvi. Sasa nachukua makumbi makavu ya kawaida kwa muuza nazi. Ni bure, tuktuk shilingi 500. Kuyaponda kwa nyundo na kuyakata kumenichukua siku mbili na malengelenge.

23 Machi

Mfungo wa Ramadhani umo wiki ya pili, kwa hiyo kazi nafanya alfajiri. Rundo jipya: ndoo 40 za mabua, 20 za makumbi, 20 za udongo. Udongo sikuchukua popote. Nimeuchimba katikati ya konde la ami, sentimita 15 za juu, pale pale anapopiga dawa kila masika. Nautia kama mtu atiavyo hamira.

Ami alishauri niongeze samadi ya kuku ili rundo lichemke upesi. Nusu ya rundo nikatia ndoo tatu, nusu nikaiacha. Ile yenye samadi imekuwa moto siku ya tatu. Nyingine imechelewa hadi siku ya nane, lakini ndani yake kumejaa nyuzi nyeupe za kuvu zinazopanda kwenye mabua. Hao nao nawahitaji. Vimeng'enya wanavyotoa kuvunjia ugumu wa bua vina nguvu ya kuvunja na dawa nyingi zinazokaa jirani.

21 Aprili

Baada ya Idd tumejaza shimo. Nusu yenye samadi upande wa kushoto, isiyo na samadi kulia, juu ukoka uliong'olewa njiani. Kitanda kiko tayari, lakini sitaki kukiamini bila ushahidi, na maabara ya kupima dawa hatuna. Tunazo mbegu. Maharagwe yanaonyesha atrazini: yanaota vizuri, kisha baada ya majani ya kweli kutoka, kingo zinageuka manjano. Nyanya zinaonyesha 2,4-D, dawa ya pili ya ami: shina linajipinda, majani yanajikunja kama yamefinywa, kwa kuwa dawa hiyo inaiga homoni ya kukua na kuusukuma mmea ukue ovyo mpaka ufe.

Nimepanga makopo ya maziwa yenye udongo kilo mbili mbili. Mengine yana udongo hai wa konde, mengine udongo wa kichakani usiowahi kupigwa dawa, mengine udongo wa konde niliochemsha kwa mvuke saa mbili ili bakteria wafe. Kila kopo la dawa lina mwenzake lisilo na dawa. Baada ya kila wiki kadhaa nachota kikombe kimoja cha udongo na kupanda humo.

Jaribio la glifoseti, dawa nyingine ya kwekwe, limeshatoa jibu, na karibu litudanganye. Nilipiga udongo, kesho yake nikapanda maharagwe, yakaota mabichi na yenye afya. Ami akafurahi: "Wameimaliza kwa siku moja!" Lakini kwenye udongo uliochemshwa, ambamo hakuna wa kuimaliza, maharagwe yaliota mabichi vilevile. Glifoseti haikuliwa. Imeganda kwenye chembe za udongo, hasa udongo mwekundu kama huu wenye chuma kingi, na iliyoganda mizizi haiwezi kuinyonya. Bakteria wanakuja kuivunja baadaye, kwa siku au kwa miezi kutegemea udongo, wengine kwa kukata kifungo cha kaboni na fosforasi ili wapate fosforasi, wengine kwa kuigeuza kuwa kitu kiitwacho AMPA, ambacho nacho kinakaa muda. Mmea wenye afya si ushahidi kwamba dawa haipo. Kwa glifoseti nimeacha kutumia mbegu kama kipimo.

12 Mei

Masika ya mwaka huu ni makubwa. Sabaki imejaa, nyekundu, imebeba miti mizima. Kitanda chetu kimekuwa bwawa. Maji yamesimama juu ya ukoka siku nne, na jana nilipochoma fito katikati ikatoka harufu ya mayai yaliyooza.

Kosa ni langu na linatokana na namna nilivyorekebisha kosa la Februari. Nilipotandika nailoni niliyazuia maji yasishuke, sikufikiria yatatoka wapi. Na wiki moja kabla ami alikuwa ameshaoshea pampu ya 2,4-D humo.

Harufu ile maana yake hewa imekwisha. Kwa 2,4-D hilo ni jambo zito. Bakteria wanaoila vizuri wanatumia kimeng'enya kinachoitwa TfdA kukata mkono wa asidi ulioko kando ya pete, na kimeng'enya hicho hakifanyi kazi bila oksijeni. Hatua ya kuipasua pete nayo inataka oksijeni. Atrazini ina nafuu kidogo, kwa kuwa hatua yake ya kwanza inatumia maji tu. Lakini mchanganyiko uliozama siku nyingi unaua kuvu wale weupe na wengi wa bakteria niliowaleta kwa jasho.

Tumeteka maji kwa ndoo tukayatia kwenye pipa lenye kifuniko, tusiyamwage popote. Yatarudishwa kidogo kidogo. Kisha nikafumua mchanganyiko kwa reki hadi chini. Fundi amejenga paa la makuti: nguzo nne za mvinje 1,000, makuti 120 kwa 2,400, kazi 1,500. Chini kwenye kona nimepitisha bomba la maji, nikafunga kwa kiunganishi na kulielekeza kwenye pipa lililofukiwa, shilingi 650. Maji yakizidi yanaingia pipani, na kutoka pipani yanarudi juu ya kitanda.

Anayenuia kufuata kazi hii, paa lijengwe kabla ya shimo kujazwa. Kama kuna jambo moja la kuchukua kutoka shajara hii kwa upande wa ujenzi, ni hilo. Kitanda kinatakiwa kiwe na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa.

16 Juni

Makopo ya 2,4-D. Udongo hai wa konde: wiki ya pili nyanya bado zimejipinda, wiki ya nne zimesimama wima. Vizuri. Udongo uliochemshwa: wiki ya nne zimejipinda, kama nilivyotarajia. Wiki ya nane, zimesimama! Nilikaa nikilitazama lile kopo muda mrefu. Kama dawa inaondoka hata pasipo bakteria, mradi wote umekosa mguu wa kusimamia.

Jibu liko kwenye kuchemsha kwangu. Mvuke wa mara moja unaua bakteria walio macho. Baadhi yao wana mbegu ngumu za kujifichia zinazovumilia mvuke, na udongo ukipoa zinaamka. Tena kopo lilikuwa wazi, na upepo unaleta vumbi la konde. Udongo wangu uliokufa haukuwa umekufa, ulikuwa umelala.

Narudia leo. Nimechemsha siku tatu mfululizo, saa moja kila siku: siku ya kwanza wanakufa walio macho, usiku zinaamka mbegu, siku ya pili zinakutana na mvuke, na ya tatu ni ya kumalizia. Kisha kopo limefunikwa kwa kitambaa kilichochemshwa. Makaa, makopo na mbegu tangu mwanzo vimefika shilingi 900.

Kwenye kopo hai lililokwisha kusafika nimetia 2,4-D mara ya pili, kipimo kile kile. Nina sababu. Mwaka 1949 Mwingereza L. J. Audus alipitisha maji yenye 2,4-D kwenye udongo tena na tena. Mara ya kwanza dawa ilikaa siku nyingi kama haiguswi, halafu ikaanza kutoweka kwa kasi. Alipotia nyingine, ilitoweka bila kusubiri. Udongo ulikuwa umejifunza, maana wachache waliojua kuila walikuwa wameongezeka wakawa wengi. Nataka kuona kama udongo wa Mambrui unajifunza.

4 Agosti

Umejifunza. Mara ya pili, siku ya nane tu, nyanya zilisimama wima. Mara ya kwanza siku ya kumi na nne zilikuwa zimejipinda. Na kopo la udongo uliochemshwa mara tatu, leo wiki ya saba, bado linazipinda nyanya kama siku ya kwanza. Nimewaita ami na shangazi, nikayaweka makopo mawili mezani pamoja. Shangazi akauliza, "Udongo ule ule?" Ule ule, dawa ile ile. Tofauti yao ni uhai tu.

Sasa atrazini, ambayo ndiyo iliyounguza mchicha. Udongo wa konde la ami: wiki ya tano maharagwe mabichi. Udongo wa kichakani: wiki ya tano manjano matupu, wiki ya kumi manjano hafifu, sasa wiki ya kumi na tano ndiyo yako sawa. Kwa hiyo hamira ile ya Machi haikuwa ndoto. Udongo uliozoea dawa una wajuzi, usiozoea unaanza kuwatafuta.

Kilichonishtua ni kopo la nne, udongo wa konde niliotia kiganja cha samadi ya kuku. Wiki ya nane ulikuwa bado unaunguza maharagwe. Wajuzi walikuwemo, basi kwa nini walikataa kazi? Kwa sababu walishiba. Bakteria hawa wanaivunja atrazini ili wapate naitrojeni iliyomo. Samadi ya kuku, au mbolea ya yurea, inawapa naitrojeni rahisi isiyohitaji kung'oa klorini wala kupasua pete, na wanazima jeni zile mpaka njaa irudi.

Na nusu nzima ya kushoto ya kitanda chetu imejaa samadi ya kuku. Ushauri ulikuwa wa ami, uamuzi ulikuwa wangu. Rundo lilichemka upesi tukalipenda, kumbe tulikuwa tunawalisha wafanyakazi wasifanye kazi. Kibarua ameipakua nusu hiyo, shilingi 800. Nimeichanganya na ndoo 15 za mabua makavu, maana mabua yanapooza yananyonya naitrojeni, na italala kando chini ya turubai wiki nane. Kwa sasa ami anaoshea upande wa kulia peke yake.

8 Septemba

Jaribio dogo ambalo limebadilisha zaidi mawazo ya watu nyumbani. Katikati ya Juni nilijaza chupa tatu, zote na 2,4-D kidogo, nikaziweka gizani. Ya kwanza maji ya kisima. Ya pili maji ya Sabaki pamoja na tope lake, mdomo wazi, natikisa kila siku. Ya tatu Sabaki na tope pia, imejazwa hadi ukingoni na kufungwa. Baada ya wiki sita nikamwagilia miche ya nyanya.

Maji ya Sabaki yaliyotikiswa: miche mizima. Sabaki iliyofungwa: miche imejipinda. Maji ya kisima: miche imejipinda, na safari ya pili wiki iliyopita, wiki ya kumi na mbili, ikajipinda tena.

Mto una uhai. Kila chembe ya tope inabeba bakteria na chakula chao, na hewa inaingia ukipiga mawe. Maji ya kisima chetu ni maangavu kwa sababu ni maskini: bakteria wachache, chakula kidogo, hewa kidogo. Uangavu huo tulioringia miaka yote ndio unaofanya sumu ikiingia isiwe na wa kuiondoa. Ami aliitazama chupa ya kisima akasema polepole, "Kumbe ikishafika humo, imefika." Tangu siku hiyo hajahitaji kukumbushwa.

5 Oktoba

Hali ilivyo kabla ya vuli. Ami ameoshea kitandani mfululizo tangu mwisho wa Juni, suuzo tatu kila mara, kama lita sita. Dawa isiyochanganywa na maji haimwagwi humo hata kidogo: itawaua wanaotakiwa kuila. Kikombe cha mchanganyiko kutoka upande wa kulia, nilichochota wiki tano baada ya osho la mwisho la atrazini, kimeotesha maharagwe mabichi. Maji yaliyoingia pipani ni kidogo, na yamerudishwa.

Mbuzi wa jirani waliingia mara mbili kula ukoka. Ukoka huo unakunywa maji ya sumu, si wa kulishwa mnyama, kwa hiyo nimezungushia wavu, shilingi 700. Kitanda kimeshuka sentimita 12 kwa kuwa mabua yanaoza. Nitaongeza mabua wiki ijayo, na nitaendelea kuongeza kila mwaka. Mchanganyiko wenyewe ukizeeka utatolewa, utarundikwa mwaka mzima chini ya turubai, na hautakwenda kwenye bustani ya mboga, kwa sababu maharagwe yangu hayaoni dawa iliyo kidogo sana.

Gharama yote ni shilingi 13,050. Kati ya hizo 2,400 ziliniponyoka: mfinyanzi uliopasuka, usumba wa chumvi, na kupakua samadi. Anayeanza leo kwa vipimo hivi atatumia kama 10,650, na karibu nusu yake ni paa.

Udongo wa kando ya kisima, ulipooshewa pampu miaka yote, nao nimeupima. Mwezi wa Juni uliunguza maharagwe. Wiki hii hayajaungua. Shangazi amepanda tena mchicha hapo, mistari miwili. Nimemwomba asiuchume msimu huu. Akanijibu kwamba hakuupanda wa kula, ameupanda wa kuutazama, akaenda kuteka maji ya kuumwagilia.